Wafiwa: neno linalotaja waliotendwa na kifo

Katika kitongoji cha Flemingsberg, kusini mwa jiji la Stockholm nchini Uswidi, neno moja la Kiswahili likitamkwa mapema mno laweza kutangaza kifo ambacho daktari bado hajakitangaza. Neno lenyewe ni wafiwa. Makala hii inaangalia umbo la neno hilo, maana yake, na jinsi watunzi wa Kiswahili walivyolitumia na walivyolikwepa.

Flemingsberg imo katika manispaa ya Huddinge, safari ya dakika kama 20 kwa treni kutoka katikati ya Stockholm. Msafiri anayeshuka kituoni huyaona majengo marefu ya Grantorp yaliyopakwa rangi mbalimbali, kumbukumbu ya mpango wa serikali ya Uswidi wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Hapo hapo ipo hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1972, ambayo sasa ni sehemu ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska. Kipo pia Chuo Kikuu cha Södertörn kilichoanzishwa mwaka 1996, na ipo mahakama ya wilaya ya Södertörn. Wakazi wengi wa kitongoji hicho wana asili ya nje ya Uswidi, na katika hospitali inayohudumia eneo kubwa la kusini mwa jiji hufika watu wa kila lugha, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya na mashariki mwa Kongo.

Mgonjwa au jamaa zake wasiojua Kiswidi huwekewa mkalimani, mara nyingi kwa njia ya simu. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Wauguzi wa Kiswidi wanapozungumzia watu wa karibu wa mgonjwa husema anhöriga, yaani jamaa. Neno hilo halibadiliki mgonjwa akiwa hai au akiwa ameshakufa. Mkalimani anayelisikia kwenye simu, bila kuuona uso wa anayesema, hana budi kuchagua: je, ni jamaa wa mgonjwa, au ni wafiwa? Akitaja la pili, familia iliyoketi kwenye viti vya ukumbini imekwishapata habari. Hakuna namna ya kulirudisha neno hilo, wala hakuna maelezo ya kitaalamu ya daktari yatakayosikilizwa baada yake.

Kwa nini neno hili lina uzito kiasi hicho? Jibu limo katika sarufi.

Kitenzi kufa hakina mtendwa. Mtu hufa, basi, hafi kitu. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea huwa kufia, na hapo maana hufunguka katika njia kadhaa. Mtu aweza kufia ugenini, ambapo panatajwa mahali. Aweza kufia dini au nchi yake, ambapo inatajwa sababu. Na mtoto aweza kumfia mama mikononi, ambapo anatajwa yule ambaye kifo kile kimemwangukia. Ni njia hii ya tatu iliyozaa neno letu. Ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa hupatikana kufiwa: mama amefiwa na mtoto wake. Mfu, ambaye hana tena uwezo wa kutenda jambo lolote, ndiye anayetajwa baada ya na, pale pale anapotajwa mwizi katika sentensi ya mtu aliyeibiwa. Aliyebaki hai ndiye aliyetendwa.

Lugha ya Kiswahili inayo maneno mengine ya mtindo huu, na yote hutaja jambo lililompata mtu asipoweza kulizuia. Mvua hunyesha, na aliye njiani hunyeshewa. Jua huchwa, na msafiri ambaye hajafika huchwewa. Hakuna anayefikiri kwamba mvua ilimkusudia mtu fulani, lakini aliyelowa ni yeye. Kufiwa ni jamaa ya maneno hayo. Katika mwambao, na katika maandishi ya zamani, husikika pia umbo kufiliwa, lenye ile l ambayo hujitokeza tena katika maneno kama kimbiliwa na chukuliwa. Maana ni ile ile.

Viambishi hivi vya vitenzi vimechunguzwa kwa kina hata katika Uswidi yenyewe. Abdulaziz Lodhi, mwanaisimu mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa profesa wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Uppsala, kaskazini mwa Stockholm, alichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu unyambuaji wa vitenzi katika lugha za Kibantu, akitumia mifano ya Kiswahili na Kinyamwezi. Msomaji wa Kiswidi anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza huona ajabu, kwa kuwa kitenzi cha Kiswidi chenye maana ya kufa hakikubali kabisa kutiwa katika kauli ya kutendwa. Mswidi aliyefiwa na mumewe husema kwamba amempoteza.

Na hapa pana jambo la kuonya. Kusema kwamba fulani amempoteza baba yake kumeingia katika Kiswahili cha magazeti na cha redio, redio za kimataifa zikiwa miongoni mwa wenye makosa. Mzee wa Pangani akisikia hivyo aweza kuuliza kama baba huyo amekwishatafutwa. Anayepotelewa na mtu bado ana tumaini la kumwona, aliyefiwa hana. Tofauti hii si ya kuchezea, hasa kwa familia za wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, ambamo wapo waliopotelewa na ndugu katika vita na hawajui hadi leo kama wamefiwa nao. Neno la kukopa linafuta mpaka ambao watu hao wanaishi juu yake kila siku.

Turudi kwenye umbo. Jina mfiwa limeundwa kama mshitakiwa, mteuliwa na mpendwa: linamtaja mtu kwa jambo alilofanyiwa. Halisemi kama analia. Halisemi hata kama ana huzuni. Mwana aliyegombana na baba yake kwa miaka 20, na ambaye hakutoa chozi, ni mfiwa sawasawa na dada yake aliyezimia. Jirani aliyelia hadi sauti ikakauka si mfiwa; yeye ni mwombolezaji, jina lenye mwisho wa ji, mwisho wa watu wanaotenda, kama msomaji na mwimbaji. Kuomboleza ni kazi, na yeyote aweza kuifanya. Kufiwa hakufanywi.

Kiswidi hugawa uwanja huu kwa namna nyingine. Lipo sörjande, wanaohuzunika, linalotumika katika mazishi na katika matangazo ya vifo. Lipo efterlevande, wanaoishi baada, neno la sheria na la fedha, linaloonekana katika fomu za pensheni inayolipwa kwa mwenzi au watoto waliobaki. Na lipo lile anhöriga la hospitalini. Moja linataja moyo, la pili linataja wakati, la tatu linataja ukoo. Hakuna hata moja linalosema kwamba mtu huyu ametendwa jambo. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Huddinge na wazazi wa Kitanzania, akifikiri kwa Kiswidi na kutafuta neno la Kiswahili, hufika kwa urahisi kwenye waombolezaji au wenye huzuni. Akisimama msibani na kusema kwamba anawapa pole waombolezaji, atakuwa amewapa pole majirani na kuwaruka wenye msiba.

Watafsiri wa Biblia nao walipita hapo. Katika Heri za Injili ya Mathayo, tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 haikuwaita wafiwa wale wanaoahidiwa faraja. Ilitumia wenye huzuni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu ahadi ile ni pana kuliko kifo cha jamaa. Aidha kitabu kizima cha Agano la Kale kinaitwa Maombolezo, na anayeombolezewa humo ni mji wa Yerusalemu. Mji una waombolezaji wengi. Wafiwa wake ni akina nani, hilo ni swali gumu.

Fasihi ya Kiswahili imelijibu swali hilo kwa njia yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliishi Pate wakati fahari ya mji huo ilipokuwa imekwisha. Utenzi wake unautazama mji uliokuwa na majumba na wenye majumba, kisha ukawa magofu. Mshairi hausemeshi umma. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Hapo neno linalofaa zaidi ni mkiwa, ndugu wa mfiwa kwa sauti ingawa si kwa asili: mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumwegemea. Mfiwa yupo kati ya watu, na watu humjia. Mkiwa hajiwi na mtu. Washairi wa mwambao walizijua hali hizi mbili na hawakuzichanganya.

Mfano mwingine ni Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa maisha. Wengi huusoma utendi huo kama mafunzo ya unyumba, na mjadala juu ya mafunzo hayo umekuwa mkali, hasa miongoni mwa wanawake wasomi wa miaka ya karibuni. Lakini ukiusoma kwa jicho la makala hii, unaona mfiwa akimwandikia mtu ambaye atakuwa mfiwa muda si mrefu. Mama amekwishakufiwa, binti anaandaliwa. Karibu kila shauri lililomo lina maana zaidi likisikilizwa kama sauti itakayokosekana kesho.

Kisha yupo Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Shairi lake liitwalo Amina, la kumlilia mkewe, ni miongoni mwa mashairi ya kilio yanayojulikana zaidi na wanafunzi wa Afrika Mashariki. Ndani yake mshairi humwita marehemu kwa jina na kuzungumza naye kana kwamba yu karibu. Hajitangazi kuwa mfiwa. Hilo si jambo la bahati. Katika matumizi ya kila siku mtu husema nimefiwa, kwa kitenzi, lakini ni nadra sana kujiita mimi mfiwa. Jina hilo hutolewa na wengine. Msemaji wa msibani ndiye anayewaomba wafiwa wasogee mbele. Sheikh au mchungaji ndiye anayewaombea subira. Gazeti ndilo linaloandika kwamba kiongozi fulani alikwenda kuhani na kuwafariji wafiwa. Kwa hiyo shairi linaloimbwa na aliyeumizwa mwenyewe halilihitaji neno hilo, na lile linalolitumia kwa kawaida ni shairi la rambirambi, lililotungwa na mtu aliyesimama pembeni.

Maneno yanayolizunguka nayo yamekuwa na safari zake. Msiba na tanzia yametoka katika Kiarabu. Tanzia ni habari ya kifo na ni maneno ya kuliwaza, lakini darasani ni jina la aina ya tamthilia inayoishia katika maangamizi, ile waliyoiasisi Wayunani. Matanga, ambayo pwani ni siku za kukaa pamoja baada ya maziko, huko Kenya yamepata hata muziki wake: disko matanga, mikesha ya ngoma ya kuchangisha fedha za mazishi, ambayo wakuu wa serikali katika kaunti za pwani wameipiga marufuku mara kwa mara. Kizuka ni mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi kwa mujibu wa Uislamu. Neno hilo hilo huitwa pia kivuli kinachotokea usiku. Na msiba waweza kuwa wa kujitakia, kama methali isemavyo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Kufiwa kwa kujitakia hakuna.

Hata hivyo, neno wafiwa si la faraja peke yake. Ni neno la haki pia, kwa sababu anayetambuliwa kuwa mfiwa ndiye anayeulizwa marehemu azikwe wapi. Jambo hili halikupata kuonekana wazi zaidi kuliko nchini Kenya kufuatia kifo cha wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, aliyetoka katika jamii ya Wakikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Waluo, ulitaka azikwe nyumbani kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, mwili ukiwa chumba cha maiti, na ukoo ukashinda. Maziko yalifanyika tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo.

Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein, Mtanzania aliyekwisha kupata sifa kwa Kinjeketile, aliigeuza kadhia hiyo kuwa mchezo uitwao Kwenye Ukingo wa Thim, uliochapishwa mwaka 1988. Mchezo huo ni tanzia kwa maana zote mbili za neno. Ndani yake kifo cha mtu mmoja kinageuka kuwa ugomvi juu ya nani aliyefiwa zaidi: mke aliyeishi naye, au ukoo uliomzaa. Sarufi ya Kiswahili haina msaada hapo, kwani kila mmoja wao aweza kusema amefiwa, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Neno linaruhusu watendwa wengi kwa mfu mmoja. Kaburi ni moja.

Suala hilo halikubaki Afrika. Mtu wa asili ya Afrika Mashariki akifariki katika hospitali ya Flemingsberg, swali la kwanza kwa familia nyingi ni kama mwili urudishwe nyumbani au uzikwe Uswidi. Sheria ya mazishi ya Uswidi ya mwaka 1990 inataka matakwa ya marehemu mwenyewe yafuatwe kadiri iwezekanavyo. Ikiwa mwenzi aliyebaki, jamaa wa karibu au watu wengine waliokuwa karibu na marehemu hawakubaliani, msimamizi wa makaburi wa mahali hapo hujaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, shauri huenda kwa mamlaka ya jimbo. Sheria hiyo inawataja hata marafiki wa karibu, watu ambao baraza la ukoo lisingewapa nafasi. Tangu mwaka 2012 maziko au uchomaji wa maiti sharti ufanyike ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo muda ulikuwa miezi miwili. Kwa Mswahili aliyezoea kuona maiti akizikwa siku ile ile, mwezi mmoja ni mrefu. Kwa ukoo ulioko maelfu ya kilomita, unaotafuta nauli na vibali, mwezi huo huo ni mfupi.

Katika muda huo wa kungoja, hali ya wafiwa hugeuka kitu kisicho na mfano nyumbani. Pwani, msiba una mwendo wake: habari, maziko, matanga, kisha watu hutawanyika. Ughaibuni habari na maziko hutengana kwa wiki kadhaa, na huku watu wanatakiwa kazini. Ruhusa ya mazishi hutegemea mkataba wa kazi, na mikataba hutaja jamaa wa karibu, yaani mwenzi, mzazi, mtoto, ndugu. Shangazi aliyemlea mtu tangu utotoni aweza kuachwa nje ya orodha hiyo. Mpwa wake amefiwa kwa Kiswahili, lakini kwa fomu ya mwajiri hajafiwa.

Ndiyo maana wapo wanaoonelea kwamba mkalimani mwangalifu hospitalini asilitamke neno hili hadi daktari amalize sentensi yake. Kabla ya hapo aseme jamaa wa mgonjwa, hata kama amekwishahisi, kwa sauti ya daktari, habari inayokuja. Baada ya hapo mambo hutoka mikononi mwake. Simu huanza kupigwa kutoka Flemingsberg kwenda Tanga, Mombasa au Bukavu, na anayepiga hana haja ya kutaja kifo wala jina la mtu. Husema tu nimefiwa. Na yule wa upande wa pili, kabla hata ya pole, huuliza kile ambacho kitenzi chenyewe kimekiacha wazi: na nani?